Chumba cha kwanza cha maarusi: historia ya kupanga nyumba, toka Ziwa Albert mpaka mijini

Mahagi-Port, jimbo la Ituri. Vijana wawili wakioana hapa kando ya Ziwa Albert, mali ikishatolewa na ngoma ikiisha, linabaki swali moja ambalo wazee hawaachi kuliuliza: wataingia nyumba gani? Wako wanaoanzia kwenye kiwanja cha baba wa kijana, kama desturi inavyotaka. Wako wanaopanga chumba kimoja ama viwili karibu na soko. Na tangu mapigano yaanze tena Djugu mwishoni mwa mwaka 2017, wako wanaoanza maisha ya ndoa katika chumba walichopewa na familia iliyowapokea, ama chini ya turubai kwenye kambi ya waliohama vita.

Watu wengine wanaona kuanzia katika nyumba isiyo yako ni aibu mpya. Wanasema zamani kila kijana alioa akiwa amekwisha jenga. Kwa kijijini wana haki kusema hivyo. Lakini kwa bandari, migodi na miji, historia inasema vingine. Kwa zaidi ya miaka mia moja sasa, maarusi walioanza maisha mbali na kijiji, wengi wao waliingia ndani ya kuta za mtu mwingine: kuta za kampuni, kuta za serikali, ama kuta za mwenye nyumba. Na mara nyingi mwenye kuta alitaka pia kuamua namna wataishi ndani yake: nani alale humo, chakula kipikwe namna gani, jioni ipite kwa mchezo upi.

Historia hiyo inafaa kukumbukwa leo, kwa sababu inaonyesha ni kitu gani maarusi waliweza kukitunza mkononi mwao hata walipokuwa hawana tofali hata moja.

Bandari yenyewe ilikodishwa

Jambo la kwanza linashangaza. Kabla mtu hajakodi chumba Mahagi-Port kwa karatasi, bandari yenyewe ilikodishwa kwa karatasi.

Tarehe 12 Mei 1894 Uingereza iliweka sahihi mapatano na Leopold wa Pili, mfalme wa Wabelgiji, ambaye wakati huo Kongo ilikuwa mali yake mwenyewe. Leopold alitaka njia ya kufika kwenye maji ya Nile. Kwa mapatano yale alikodishiwa nchi ya Lado, upande wa Nile, kwa muda wote atakaokuwa hai. Alikodishiwa pia kipande cha nchi chenye upana wa kilometa 25, kuanzia mahali maji yanapogawanyika kati ya Nile na mto Kongo, mpaka ufuko wa magharibi wa Ziwa Albert. Bandari ya Mahagi ilitajwa kuwa ndani ya kipande hicho. Na kipande hicho hakikufungwa na uhai wa mfalme. Kingebaki kadiri Kongo itakavyokuwa nchi ya Leopold ama koloni ya Ubelgiji.

Leopold alikufa Desemba 1909. Mwaka uliofuata, 1910, Lado ikarudishwa na kuwa sehemu ya Sudani. Mahagi ikabaki upande wa Kongo. Baadaye mpaka ulipimwa na kuandikwa, na Waalur wakajikuta wengine ni watu wa Uganda na wengine ni watu wa Kongo, wakati lugha, ukoo na mababu ni wale wale. Aliyekodisha na aliyekodi waliandikiana karatasi huko Ulaya. Mkaaji hakuitwa.

Hilo si hadithi ya wafalme tu. Ndiyo sababu mpaka leo, arusi nyingi za hapa zina shemeji upande wa pili wa ziwa ama wa mpaka, na shilingi ya Uganda inapita sokoni pamoja na faranga ya Kongo na dola. Kijana wa Mahagi anaweza kutoa mali kwa ukoo ulio Uganda bila kuona kwamba ameoa mbali.

Kisha zikaja meli. Mwaka 1930 shirika la reli na bandari la Kenya na Uganda liliingiza ziwani meli kubwa, SS Robert Coryndon, yenye jina la gavana wa zamani wa Uganda. Bandari yake kubwa ilikuwa Butiaba, upande wa Uganda, na meli za ziwa ziliunganisha Butiaba na bandari za upande wa Kongo na Pakwach. Kwa njia hiyo vilipita vitu vya kwenda migodini, wasafiri, barua na nguo. Samaki wa chumvi walipanda kutoka ziwani kwenda kulisha wafanyakazi wa dhahabu. Na palipo bandari, pana watu wanaolala mbali na kwao: makarani, wabeba mizigo, mafundi, wachuuzi. Mtu wa namna hiyo akioa, hana kiwanja cha baba karibu. Anatafuta chumba.

Nyumba ya kampuni

Dhahabu ya Ituri ilionekana mwaka 1903, upande wa Kilo, na wachimbaji wawili kutoka Australia, Hannam na O'Brien. Mwaka 1926 migodi ile ikawa kampuni, Société des Mines d'Or de Kilo-Moto. Miaka ya kwanza wanaume wengi hawakwenda kwa hiari. Waliombwa kwa machifu, na mara nyingi kuomba huko kulikuwa kulazimisha. Walilala kambini, mbali na wake zao. Wengi walitoroka.

Makampuni ya Kongo yalijifunza polepole kwamba mwanaume asiye na mke karibu haketi mahali pamoja. Mahali ambapo somo hilo lilifanywa siasa kamili ni Katanga, kwenye migodi ya shaba ya Union Minière. Kuanzia mwisho wa miaka ya 1920, kampuni hiyo ilianza kutafuta wafanyakazi waliooa, ama kusaidia vijana waoe, hata kwa kuwakopesha mali ya ndoa. Mapatano ya kazi yakawa ya miaka mitatu. Nyumba za matofali zikajengwa kwa safu, kila moja kwa mume na mke. Mke akapewa posho yake, watoto yao. Akijifungua, kuna matabibu wa kampuni.

Kwa bibi arusi aliyetoka kijijini, hiyo ilikuwa nafuu kubwa. Maji yalikuwa karibu. Paa halikuvuja. Hakukuwa na mama mkwe wa kumtuma asubuhi na jioni. Lakini alilipia kwa njia nyingine. Posho ilitolewa kwa sababu yeye ni mke wa mfanyakazi fulani, si kwa jina lake. Msimamizi wa kambi aliweza kuuliza mgeni aliyelala ni nani, na kwa nini uwanja haujafagiwa. Watoto wake walihesabiwa na kampuni kama wafanyakazi wa kesho. Na nyumba ilikwenda na kazi: mume akifukuzwa, ama akifa, mke na watoto walitakiwa kutoka.

Hata jioni ilipangwa. Wazungu wa kampuni na wa misheni waliogopa pombe na mikutano ya siri, basi wakaleta mpira, skauti, kwaya na bendi. Timu inayojulikana leo kama TP Mazembe ilianzishwa hivyo, mwaka 1939, na mapadri wa Benedikto huko Elisabethville, Lubumbashi ya leo. Mpira ulipendwa kwa moyo wote. Lakini Desemba 1941, wafanyakazi wa Union Minière walipogoma kwa ajili ya mishahara iliyomezwa na bei za wakati wa vita, walikusanyika kwenye uwanja wa mpira wa Elisabethville, na askari wakawapiga risasi. Makumi walikufa. Uwanja uliojengwa ili watu wapumzike na wasifikirie mshahara ukawa mahali pa kuudai, na mahali pa kufia.

Nyumba ya serikali

Baada ya vita ya pili ya dunia miji ilijaa. Stanleyville, Kisangani ya leo, ilikuwa makao makuu ya jimbo la Orientale. Bunia na Mahagi zilikuwa chini ya jimbo hilo, kwa hiyo karani wa Ituri aliyetaka kupanda cheo aliangalia Stanleyville kama wa leo anavyoangalia Kinshasa.

Mwaka 1952 serikali ya kikoloni iliunda ofisi ya kujenga mitaa ya Waafrika, Office des Cités Africaines, ambayo watu waliiita OCA. Ilijenga maelfu ya nyumba Léopoldville, Elisabethville, Bukavu, Stanleyville na Usumbura, mji unaoitwa leo Bujumbura. Zilikuwa nyumba ndogo za matofali, zenye sebule, vyumba vya kulala, jikoni na uwanja mdogo. Nyingine zilishikana ukuta kwa ukuta. Watu waliweza kupanga ama kununua kidogo kidogo. Mitaa mingine ya Kongo inaitwa OCA mpaka leo.

Kwa maarusi wenye mshahara wa karani, hapo ndipo maisha ya nyumba ya mjini yalianza kama tunavyoyajua: mlango wenye ufunguo, kiti cha mgeni, meza yenye kitambaa, jirani anayesikia kila neno kupitia ukuta. Lakini serikali nayo ilitaka kuingia ndani.

Mwaka 1948 ilileta kadi ya sifa ya kiraia, na mwaka 1952 cheti kikubwa zaidi kilichoitwa immatriculation, kwa Waafrika walioitwa évolués, yaani waliohesabiwa kuwa wamestaarabika. Aliyeomba alichunguzwa mpaka nyumbani. Wachunguzi waliangalia vyumba, jikoni, choo, vyombo vya kulia. Waliangalia kama mume na mke wanakula meza moja. Karani wa posta wa Stanleyville, Patrice Lumumba, aliyemwoa Pauline Opango mwaka 1951, aliomba cheti hicho akakataliwa kwanza, kisha akakipata mwaka 1954. Miaka sita baadaye alikuwa waziri mkuu wa kwanza wa nchi. Mtu aweza kupima uzito wa dharau ile: mwanaume mzima, mwenye mke na kazi, anangoja mgeni aje kusema kama nyumba yake ni nyumba.

Wanawake walikuwa na mtihani wao. Katika miji ilifunguliwa nyumba za mafunzo zilizoitwa foyer social. Ile ya Usumbura ilianza mwaka 1946. Wake wa makarani na wafanyakazi walifundishwa kushona, kupika, kupiga pasi, kulea mtoto mchanga na kupamba sebule. Walimu wa Kizungu waliwatembelea nyumbani kuona kama somo limeshika. Na mwanamke asiyeolewa aliyeishi mjini alilipishwa kodi yake, kodi ya wanawake wanaoishi peke yao. Huko Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Usumbura, wanawake waliipinga waziwazi, kwa sababu iliwachanganya wajane na wanawake wenye heshima na wale waliodhaniwa kuuza mwili. Mwaka 1950 ikatoka pia sheria ya kukataza ndoa mpya za wake wengi. Basi bibi arusi wa mjini alijua kwamba macho ya Bulamatari yanaangalia mpaka kitanda chake.

Jioni zilizobaki mikononi mwa watu

Hapo ndipo historia inageuka. Mwenye kuta aliweza kuhesabu vyumba na vijiko. Kile ambacho watu walifanya na mafunzo yake, na saa zao za kupumzika, kilimponyoka.

Kushona kulikofundishwa ili mke akae nyumbani kukawa biashara. Mwanamke mwenye cherehani alishonea mtaa mzima, akapata pesa ambayo haikutoka kwa mume wala kwa kampuni. Wanawake wa mijini waliunda pia vikundi vya likilimba, ambavyo vipo Ituri mpaka leo: kila mmoja anatoa kitu kidogo kila juma, na kila mara mmoja wao anabeba yote. Wanakutana, wanakunywa chai, wanacheka, wanashauriana juu ya mashemeji. Kwa nje ni kupumzika. Ndani ni benki. Godoro na sufuria nyingi za maarusi wa Kongo zilinunuliwa na zamu ya likilimba.

Redio nayo. Mwaka 1949 Radio Congo Belge ilianza vipindi kwa ajili ya Waafrika, na vipaza sauti viliwekwa mahali pa wazi mijini ili watu wasikie habari ambazo serikali ilitaka wasikie. Watu walisikiliza, lakini walichosubiri zaidi ni muziki. Mwaka 1948 ilianza kampuni ya sahani iliyoitwa Ngoma, huko Léopoldville, na nyimbo zake zilisafiri mpaka mashariki. Mwaka 1952 Hugh Tracey, aliyezunguka Afrika akirekodi muziki, alimkuta kijana mpiga gitaa huko Jadotville, Likasi ya leo. Jina lake Jean Bosco Mwenda. Aliimba Kiswahili cha Katanga, na wimbo wake Masanga ulifanya gitaa la Kongo lijulikane mpaka Ulaya. Mwaka 1956 ikaanza OK Jazz. Gramofoni moja ilitosha kwa uwanja wote. Mwenye nayo alikuwa mtu wa maana, hata kama kiti chake kilikuwa kimoja.

Rumba hiyo ambayo Wazungu wengine waliiona ni kelele za baa, Desemba 2021 UNESCO iliiandika kuwa urithi wa wanadamu wote, kwa ombi la nchi mbili za Kongo.

Huku ziwani, jioni zilikuwa na sauti zake kabla ya gramofoni. Waalur wana adungu, kinubi cha upinde chenye nyuzi nyingi, ambacho leo kinapigwa hata kanisani. Wana pia agwara, tarumbeta zinazopulizwa kwa kundi, kila moja na sauti yake, na wachezaji wakizunguka. Hakuna kampuni iliyozileta. Kijana aliyelala katika chumba cha kukodi aliweza kuwa mpangaji mwaka mzima, na siku ya agwara akawa mwana wa ukoo kamili. Ongeza mchezo wa bao chini ya mti, karata, dame ya vizibo vya chupa, mpira ufukoni wakati mitumbwi imeanikwa. Vitu hivi havikuhitaji ruhusa ya mwenye nyumba.

Uhuru, kisha vita

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ilipata uhuru, na ule ujenzi wa nyumba za serikali ulififia. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya Ziwa Albert yalipanda sana, bandari ya Butiaba ikaharibika na meli Robert Coryndon ikazama. Biashara kubwa ya meli iliyokuwa imeunganisha bandari za ziwa haikurudi tena kama zamani. Mitumbwi na maboti ya mbao yakachukua nafasi.

Mwaka 1973 sheria ya tarehe 20 Julai ilisema ardhi yote ni mali ya serikali, na raia anapewa haki ya kuitumia. Kwa maneno mengine, hata mwenye kiwanja ni mpangaji wa namna fulani, ingawa majirani hawaoni hivyo. Watu wenye viwanja mijini walianza kujenga vyumba vya nyuma vya kupangisha, kimoja baada ya kingine, kadiri pesa ilivyopatikana. Mahali kampuni ilipojenga safu nzima kwa siku moja, sasa mama mjane aliweza kujenga vyumba viwili kwa miaka mitano na kuishi kwa kodi yake. Ndivyo upangaji wa leo ulivyozaliwa. Ni upangaji wa jirani kwa jirani, unaofanywa kwa mdomo zaidi kuliko kwa karatasi.

Kisha vita ya Ituri, 1999 mpaka 2003. Watu zaidi ya elfu hamsini waliuawa, na zaidi ya laki tano walikimbia. Bunia ilipoteketea mwezi Mei 2003, askari wa Umoja wa Ulaya waliletwa mwezi wa Juni, katika operesheni iliyoitwa Artemis. Nyumba zilichomwa, nyingine zilikaliwa na wasio wenyewe, na kesi za viwanja vingine hazijaisha. Ituri ilifanywa jimbo mwaka 2015. Miaka miwili baadaye moto ukawaka tena Djugu. Mwanzoni mwa 2018 makumi ya maelfu walivuka Ziwa Albert kwa mitumbwi kwenda Uganda, wengi wakapelekwa Kyangwali. Mwaka 2019 waliokimbia katika Djugu na Mahagi walifika laki kadhaa. Leo waliohama ndani ya Ituri bado ni wengi sana, na sehemu kubwa yao hawako kambini. Wamo ndani ya nyumba za watu, katika vyumba vya nyuma, kwa ukarimu ama kwa kodi.

Ndoa hazikusimama. Vijana waliokua kambini wamefikia umri wa kuoa. Wanaingia wapi?

Chumba cha leo na haki zake

Vipimo vya kimataifa vya misaada, vinavyoitwa Sphere, vinataka kila mtu awe na angalau mita za mraba 3.5 za mahali palipofunikwa. Kwa mume na mke hiyo ni mita saba. Ni kama mita mbili na nusu kwa karibu tatu: godoro, ndoo, jiko nje, mfuko wa nguo. Vipimo hivyo vinasema pia kwamba familia inahitaji faragha. Maarusi wa kambini wanajua neno hilo kuliko mtaalamu yeyote, kwa sababu turubai halina sauti ya siri, na mara nyingi upande wa pili kuna baba mkwe.

Kwa wanaopanga chumba Mahagi-Port, Mahagi ama Bunia, shida ni nyingine: garanti. Bado wako wenye nyumba wanaodai miezi sita, hata zaidi, na kijana anamaliza pesa yote ya arusi mlangoni. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa imeweka kikomo: garanti ya nyumba ya kukaa haiwezi kupita miezi mitatu. Mpangaji akitoka bila deni wala uharibifu, garanti inarudishwa. Karatasi yenye majina, tarehe na pesa iliyotolewa ndiyo inayomlinda, hata ikiandikwa kwenye daftari la shule na kushuhudiwa na jirani wawili.

Jambo la pili linamhusu bibi arusi zaidi. Sheria ya familia ya mwaka 1987 ilimtaka mke aombe ruhusa ya mume kabla ya kufunga mapatano. Mabadiliko ya Julai 2016 yaliondoa ruhusa hiyo. Sasa mume na mke wanatakiwa kupatana juu ya kila mapatano yanayowafunga, na kupanga nyumba ni mojawapo. Maana yake, mume hawezi kusema peke yake, "tunahamia kesho." Na wote wawili lazima wawe wametimiza miaka 18. Sheria hiyo ya familia inampa pia mjane, kwa masharti yaliyoandikwa humo, haki ya kuendelea kuitumia nyumba waliyokaa na vyombo vyake. Hiyo ni tofauti kubwa na mke wa kambi ya mgodi, aliyetakiwa kufunga mizigo mume akishazikwa. Mashemeji wengi bado wanatenda kama sheria haipo. Ndiyo sababu inafaa isemwe kwa sauti, redioni na sokoni.

Baki jioni. Katika chumba cha leo kuna simu ya kuchaji kwa paneli ndogo ya jua, yenye nyimbo zilizowekwa na kijana wa kibandani. Kuna redio, Okapi iliyoanza mwaka 2002, Candip ya Bunia, na zile za jirani. Kuna mechi kwenye nyumba ya video, na mume anayerudi usiku. Na hapo ndipo ugomvi wa kwanza wa ndoa nyingi unapoanza. Mpira ni wa mume, kanisa na likilimba ni vya mke, na chumba kinakuwa mahali pa kulala tu.

Wazee walioishi kwenye nyumba za kampuni na za OCA wangetambua ugomvi huo. Katika wakati wao, msimamizi wa kambi ndiye aliyepanga nani afanye nini jioni: mume uwanjani, mke darasani. Leo hakuna msimamizi. Maarusi wanaweza kupanga wenyewe. Wako wanaofanya hivyo hapa kando ya ziwa: jioni moja kwa juma hakuna video, bugali na samaki vinaliwa mapema, karata zinatolewa ama redio inafunguliwa, mlango umefungwa. Haigharimu kitu. Chumba ni cha mtu mwingine na kodi inakuja mwisho wa mwezi. Lakini kwa saa mbili hakuna mfalme, kampuni, mchunguzi wala shemeji anayeamua kinachoendelea humo ndani, na hilo ni jambo ambalo bibi na babu zao wengi hawakuachiwa kulipata.